Mashine Ilipokataa Kisamvu Changu

Bwana asifiwe, wapendwa! Na asifiwe hata na sisi wenye aibu ya kusimama hapa.

Wengi mnanifahamu kwa duka langu la vyakula vya nyumbani, pale Silver Spring, huku Marekani. Mimi ni Mgogo wa Dodoma, na ulimi wangu mnaujua. Ulimi huo ndio ulionifikisha hapa mbele leo.

Ndugu zangu, mwaka jana nilifungua duka la mtandaoni, ili mtu wa Arlington aagize akiwa kazini, apitie jioni kuchukua. Nikajiona mwerevu! Nikasema, Mtanzania atatafuta kisamvu, Mkongo atatafuta sombe. Basi yale majani ya muhogo ya kwenye friza nikayaandika mara mbili, kila jina na picha yake. Pakiti arobaini za kisamvu, pakiti arobaini za sombe. Na frizani zilikuwemo arobaini tu! Sikuliona hilo kabisa.

Shida ikaanza. Kompyuta inasema zimebaki pakiti nyingi, friza iko tupu. Mama mmoja Mrundi aliagiza sombe ya sherehe ya kumuaga binti yake, akaja na gari, nikamrudisha mikono mitupu. Watu wakaanza kusema duka langu linauza hewa. Nilikuwa silali vizuri, nasali kwa hasira, namwuliza Mungu ni nani anayenimaliza.

Jibu nikajipa mwenyewe. Dukani tulikuwa wawili tu, mimi na dada Neema, Mkongo wa Uvira, mjane, aliyekuwa akiimba nasi hapa. Sikumwita pembeni. Jumapili baada ya ibada, kule jikoni kwenye chai, mbele ya akina mama, nikasema kikulacho ki nguoni mwako, kisha nikamtaja kwa jina. Neema aliweka kikombe chini, akaniangalia.

"Mama, mimi sikuiba kitu. Mungu anajua."

Hakurudi kazini. Hapa kanisani pia hakurudi.

Ndugu zangu, pakiti ziliendelea kupotea! Hayupo, na bado hesabu haikukaa sawa. Hapo moyo ukaanza kunichoma, ila kiburi kikanishika mkono. Binti yangu Rehema, mnamjua, Kiswahili anasikia ila kujibu ni Kiingereza, akaniletea skana, kimashine cha kusoma alama za bidhaa. Akaniambia kila bidhaa iingizwe kwa misimbopau, ile mistari myeusi ya kwenye pakiti, ili kikiuzwa kitu dukani, mtandaoni nako kipungue papo hapo. Tukaanza na friza. Kisamvu kikaingia. Nikamwambia haya, sasa sombe. Akachukua pakiti, akaipiga. Mashine ikakataa. Akapiga tena, ikakataa.

"Mama, it's the same thing. Hii iko already. Ulihesabu mara mbili."

Nilikaa chini pale pale, kwenye gunia la mchele, nikalia. Hakukuwa na mwizi! Nilikuwa nimeuza pakiti ambazo hazikuwahi kuwepo, na nikamchafua mtoto wa watu kwa ajili ya pakiti hizo. Mungu wangu alitumia mistari myeusi kunifungua macho, na namshukuru, maana mimi nisingekubali kuambiwa na mwanadamu.

Leo duka linakwenda vizuri, majina mawili, msimbo mmoja, na yule mama Mrundi amerudi. Lakini huo si ushuhuda wangu. Nilimfuata Neema nyumbani kwake, Greenbelt, mara tatu. Mara mbili hakunifungulia. Ya tatu alinikaribisha, akanipa maji, akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, Mama. Lakini uliniita mwizi mbele ya watu. Unisafishe mbele ya watu."

Ndugu zangu, Neema hakuiba. Hakuiba hata pakiti moja. Mwongo nilikuwa mimi, na Bwana ameniokoa na kiburi kile, asante, Yesu! Kama nawe kuna mtu umemhukumu moyoni, mwamini Mungu, mfuate, hata akikufungia mlango rudi tena. Bwana anafungua.

Neema yuko pale nyuma, karibu na mlango. Akina mama mliokuwa jikoni siku ile, nawaomba msimame, mwende mkamlete mbele.