Profesa Sagini na Mawimbi ya Bondeni

Wasikilizaji wapendwa, mlio Kapkatet, mlio Kipkelion, nanyi mlio jikoni chai ikichemka, karibuni. Leo tunamkumbuka Profesa Joab Sagini, mwana wa Kiptere, aliyetutoka wiki jana. Mhandisi wa umeme. Mwalimu wa chuo kikuu. Na tuseme ukweli, fundi mbovu kabisa.

Kazi yake ilikuwa kukokotoa kwa kompyuta jinsi mawimbi ya redio yanavyosafiri, yanavyogonga mlima na kufifia. Lakini majirani walisikia tu "profesa wa umeme", wakamletea pasi na redio zilizokufa. Aliona haya kukataa. Mkewe, Drusilla, anacheka hata katika msiba huu: "Alifungua redio ya Mzee Kiptanui, akaifunga, skrubu nne zikabaki mezani. Nikamwambia, Baba Valary, hiyo wacha nipeleke kwa fundi."

Jambo moja lilimchoma moyoni. Mama yake, Mongina, alimsomesha kwa kuchuna majani chai. Kwake, kazi ni kikapu kikijaa. Kila Joab akirudi nyumbani, swali ni lile lile: "Sasa hiyo kazi yako mimi nitaiona lini?"

Basi redio yetu hii ikatafuta mahali pa mlingoti wa kurushia matangazo. Wakati huo, bondeni kwa Mongina redio zilikuwa zinakoroma tu. Kamati ya redio ilitaka kilele cha juu. Profesa Sagini akapiga hesabu zake, akasema hapana, mawimbi yataruka bonde. Wekeni kwenye kile kilima kifupi cha ng'ambo, kinachotazama nyumba za bondeni.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa nani? Mzee Kiptanui, mwenye redio. "Profesa," akasema, "redio yangu ilikushinda. Sasa unataka tuweke mlingoti chini?" Watu wakavunjika mbavu.

Sagini hakucheka. Wakimkatalia, bonde la mama yake litabaki vile vile. Akaomba mtambo mdogo ujaribiwe pande zote mbili, na Mongina akae kwake na redio, aamue. "Mama hawezi kunipendelea," alisema. "Hajawahi."

Kutoka kileleni, Mongina alisikia kukoroma. Kutoka kilima kifupi, akapiga simu: "Ambieni huyo mtu apunguze sauti, kuku wangu wanakimbia."

Mzee Kiptanui akampa mkono. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," akasema. "Lakini redio yangu usiguse tena."

Jioni hiyo Joab alimkuta mama yake nje, redio mapajani. Hakumsifu. Alimsogezea kiti. "Kaa," akamwambia. "Tusikize kazi yako."

Pole kwa Drusilla, kwa Valary, na kwa wanafunzi wake wote. Nawe unayesikiliza, kama una mtoto ambaye kazi yake huielewi, mpigie leo, mwache akueleze, hata usipofahamu kitu.

Mama Mongina, tunajua uko hapo nyumbani unatusikia. Pole sana, mama. Hii sauti, ni Joab aliyeifikisha kwako.