Plasta Kwenye Jicho Zuri

Benchi liko mbele ya meza yangu ya kahawa, hapa Kipsongo, Kitale. Wateja wake hawabadiliki. Kuna Kipsang, fundi wa baiskeli tunayemwita Spana. Kuna Wakoli, mtu wa Bungoma anayeuza dawa za ng'ombe, na kwa hivyo ni Daktari. Halafu Festus wa bodaboda, ambaye tunamwita Habari. Asubuhi hiyo nilienda kuchota maji nikawaachia binti yangu Nasike, wa miaka mitano. Kliniki ya macho ilisema ana jicho vivu upande wa kushoto. Jicho lenyewe halina kidonda, ila ubongo umezoea kulipuuza. Ndiyo maana tunaziba la kulia, lile zuri, kwa plasta, ili ubongo ulazimike kulisikiliza la kushoto. Niliporudi, plasta ilikuwa kushoto.

— Nani amehamisha plasta?

— Usijali, Mama Nasike, Spana akasema. Tumekurekebishia. Ulikuwa umeziba jicho mzuri.

— Ndilo la kuzibwa.

— Zii bana. Mimi naziba tairi penye iko pancha. Umeona wapi fundi anabandika kiraka kwa tairi nzima?

— Mtoto alikuwa anagonga benchi, Daktari akaongeza. Sasa ona vile anatembea poa.

Mimi huwa sibishani na wanaume wakiwa watatu. Hata hivyo nikajaribu.

— Walisema shida si jicho. Ni ubongo.

— Si ungesema mapema? Daktari akadakia. Ng'ombe akizaa mapacha, anaweza kataa mmoja. Unapaka huyo ndama chumvi, mama yake anaramba, anamkubari. Hata ubongo imekataa jicho moja tu.

— Usimpake mtoto wangu chumvi.

— Kidogo, hapa kwa kope.

— Mambo ya chumvi ni ya kitambo, Habari akasema. Hii ni simu ya laini mbili. Moja imekosa network. Si unazima, unangoja, unawasha?

— Mtoto anazimwa wapi?

— Ati analala mchana mzima, macho yote imefungwa. Akiamka, laini zote zinashika.

— Afadhali chumvi, Daktari akanung'unika.

Viola, muuza mboga, alikuwa amefika na kikombe chake. Alisimama akawasikiliza.

— Wazee, mimi sijui mambo mingi. Sasa hiyo jicho ikikaa imefunikwa, itajifunza kuona na nini?

Spana akaangalia mikono yake yenye grisi. Daktari akapuliza kahawa iliyokuwa imeshapoa. Habari akatoa simu, akaigeuza, akairudisha mfukoni.

Nikabandua ile plasta, nikachukua mpya, nikaibandika kulia. Nasike akalia kidogo, kisha akaja kwangu akipapasa ukingo wa meza. Daktari akanyoosha kikombe.

— Tuongezee basi, mama, tukiendelea kufikiria.

— Kahawa imeisha.

— Yote?

— Yote.

Nasike akainamisha kichwa upande wa birika. Jicho lake la kushoto lilihangaika huku na huku, halafu likatulia kwenye mdomo wa birika.

— Mama, mbona mimi naona moshi?

Nikawamiminia wote, mpaka kahawa ikamwagika mezani.