Utazoea

Kwenye basi la asubuhi, kiti cha mbele yangu, nesi mpya alikuwa na barua mbili za ajira: moja ya wodi ya wazazi, nyingine ya idara ya dharura. Mama wa kando yake, aliyepakata mfuko wa nguo, alizisoma bila kuombwa. Na mimi pia, nisimsingizie mwenzangu.

"Nakwenda dharura," binti alisema. "Huko ndiko mtu anakojifunza kazi."

"Kwa nani?" mama aliuliza. "Kwenye usaili ulimwona nesi yeyote mwenye mvi?"

Binti alifikiri. "Hapana. Jumatatu nilikuta wote rika langu. Mzoefu kuliko wote ana miezi minane. Nilipouliza nani atanielekeza, wakasema nitazoea."

"Utazoea!" Mama alicheka kicheko kichungu kama shubiri. "Mwanangu, mimi nimezoea hapohapo miaka kumi na tisa. Nimezoea kukimbilia wagonjwa watatu kwa miguu miwili. Nimezoea kutukanwa na wafiwa kabla sijanawa mikono. Ijumaa iliyopita nikaaga. Nafasi unayoililia ni yangu."

Nilijifanya naangalia nje.

Binti alizikunja barua zake polepole. "Kwa hiyo mwenye mvi alikuwa wewe."

"Ndiyo, mimi."

"Sasa mama, mimi umeniachia nani?"

Basi likasimama kwenye geti la hospitali. Mama akaukumbatia mfuko wa sare alizokuwa anakwenda kurudisha, akashuka. Zilikuwa zimepigwa pasi vizuri, tayari kuvaliwa na mwingine.