Firmin na Mtoto Aliyelala

Baada ya miaka thelathini na saba ya kutunza sakristia na vifaa vya misa vya kanisa letu, Mzee Firmin Lagae anastaafu rasmi Jumapili hii, tarehe 6 Oktoba. Tunasema rasmi kwa sababu amekwisha kustaafu mara mbili, na mara zote mbili Jumatatu tulimkuta mlangoni na funguo zake.

Anayemzuia anajulikana. Katika kikanisa cha pembeni kuna picha yetu ya Familia Takatifu, ya mchoraji wa zamani ambaye hakuna ajuaye jina lake. Maria amempakata Mtoto, Yosefu ameinama na mshumaa, kiganja kikikinga mwali. Mtoto amelala. Ndivyo mababu walivyosema, ndivyo nasi tulivyoona, na Firmin alilichukulia jambo hilo kikazi.

"Shii, mtoto amelala," aliwaambia watalii. Aliiambia bendi ya tarumbeta, ambayo mpaka leo ikipita ubavuni mwa kanisa hugonga ngoma kwa vidole. Alimwambia hata askofu, simu yake ilipolia. Fundi wa mitambo ya joto naye alitolewa nje pamoja na nyundo yake.

"Nirudi lini sasa?"

"Akiamka."

"Na ataamka lini, mzee?"

"Hata mimi namsubiri."

Majira yale ya baridi tulisali na makoti.

Ila mtoto wa kweli akilia, Firmin hakumwambia mama yake shii. Alimletea kiti. Wapo watoto wa mtaa huu waliogoma kulala kwao wakaja kulala pale, na mama zao pia.

Paa lilipovuja, alisimama juu ya ngazi akiikinga picha kwa mwavuli wa mkewe Alma mpaka mafundi walipofika. Alma alirudi nyumbani amelowa chapachapa.

Lakini magoti yamechoka. Daktari alishamkataza ngazi, na Alma alishafunga siku nyingi masanduku ya kuhamia pwani kwa binti yao. Jibu la Firmin lilikuwa lilelile: "Mtoto aliyelala haachwi peke yake."

Baada ya Pasaka picha ilipelekwa kusafishwa. Wiki iliyopita Bi Hedwig, fundi anayeisafisha, alipiga simu. Chini ya moshi wa mishumaa na rangi aliyopaka mtu fulani zamani kwa pupa, zile kope zilizofumbwa hazikuwapo. Mtoto yuko macho. Macho makavu, anautazama mwali wa mshumaa, kama afanyavyo kila mtoto mchanga saa ile unapomwomba kwa machozi alale.

Sakristia nzima tuliingiwa na hofu. Nani amwambie mzee kwamba amenyamazisha watu maisha yake yote bure? Padre Wouter akanitazama mimi. "Veerle, wewe una watoto, umezoea kutoa habari mbaya."

Nikamwambia, "Hapana, Padre. Ataiona mwenyewe. Si mtu wa kudanganywa wala kubembelezwa."

Alhamisi picha ilitundikwa. Firmin alisimama mbele yake, kofia mkononi, Alma kamshika mkono. Mara akacheka. Alicheka kwa sauti, mle mle ambamo hatukuthubutu kupiga chafya.

"Ameamka!" akasema. "Haya, Alma, masanduku yako wapi?"

Padre alishusha pumzi, tukamsikia sote. Kisha Firmin akanigeukia, akanitia funguo mkononi. "Zamu yako, binti. Mtoto akiamka anamtaka mama."

Jumapili baada ya misa kutakuwa na kahawa na keki ya wali, na bendi imeombwa ipige ngoma kwa fimbo zake zote, ubavuni kabisa mwa kikanisa.

Asante, Mzee Firmin, kwa ule mwavuli, kwa viti, na kwa kila shii. Tunakuombea magoti mepesi, bahari tulivu, na usingizi mrefu wa asubuhi pamoja na Alma. Usiwe na wasiwasi. Huku kwetu tuko macho.

Veerle, wa usafi, na sasa wa funguo