Muhuri Namba Kumi na Nne

Ndugu, majirani, na ninyi wa karakana ya upakaji mlioacha zamu kuja kusimama nasi kwenye baridi hii, mimi ni Rodion, mwana pekee wa Faina Savelyevna Berdnikova, na haya nitakayosoma aliyapitia mwenyewe hospitalini neno kwa neno, akaniapisha nisiruke kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1949 katika kijiji cha Talovka, mkoa wa Chelyabinsk, mtoto wa tatu wa Saveli mhunzi, akasoma hapo hapo miaka minane, kisha chuo cha ufundi Zlatoust, na tarehe 5 Agosti 1968 akapita getini kuingia mji wetu huu uliozungushiwa seng'enge, akaajiriwa kupaka platini kwenye elektrodi, yaani vile vyuma vya titani vinavyopitisha umeme ndani ya tindikali inayoyeyusha fueli chakavu ya vinu vya nyuklia.

Mnajua kazi ile haina subira, titani ikishasafishwa huota utando upesi, na platini ikipakwa juu ya utando haishiki, kwa hiyo mama alivuka kutoka pipa hadi pipa bila kusimama, na hata mkurugenzi akimsalimu njiani aliambulia, "Pisha, mkuu, huyu yuko uchi, ngoja nimvalishe kwanza!" Mwaka 1979 alipewa muhuri wake mwenyewe, namba kumi na nne, akawa mmoja wa watu watatu ambao kazi yao haikukaguliwa na yeyote.

Alifunga ndoa tarehe 20 Juni 1971 na Gennadi Berdnikov, fundi mitambo, mtu wa utani na mikono miangalifu, wakanipata mimi tarehe 3 Aprili 1974.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kunyamaza. Tarehe 30 Septemba 1983, siku ya mwisho ya robo mwaka, ilibaki elektrodi moja tu kutimiza mpango wa karakana, mama ameshaisafisha, ndipo msimamizi aliyekuwa akitimiza miaka hamsini akamwita, "Faya, acha hiyo, njoo ukate keki!", mama akaiweka kando dakika ishirini, na aliporudi, kwa kuwa kuisafisha upya kungevuka mwisho wa zamu, akaipaka hivyo hivyo, ikang'aa kama nyingine zote, akaigonga muhuri.

Mwezi Novemba platini ilibanduka, chuma kikaliwa na tindikali kikakatika ndani ya tangi, na baba akatumwa kukitoa kipande, kazi ya dakika nne ikachukua kumi na tisa, mionzi ikimpiga muda wote. Ripoti ilisema baba ndiye aliyeigonga elektrodi kwenye ukuta wa tangi siku alipoifunga humo, naye akatia saini bila kubisha, picha yake ikashushwa kwenye ubao wa heshima, na uani nikaitwa mtoto wa Mgongaji hadi nilipokwenda jeshini. Alifariki kwa saratani ya damu tarehe 11 Februari 1986, na wiki ile alimwambia mama, "Niliiona namba kwenye kile kipande, Faya. Kumi na nne. Mtoto abaki na mzazi mmoja mwenye kazi."

Mama alinyamaza miaka thelathini. Alipaka elektrodi hadi alipostaafu mwaka 2004, hakuonja tena keki kazini, na kila Jumapili alikwenda kaburini peke yake, kwa sababu mimi nilikataa, nilimwonea baba aibu, na mama aliniacha nimwonee.

Aliugua saratani ya kongosho Juni mwaka huu, akafariki tarehe 19 Novemba 2016, saa nne asubuhi, baada ya kusikia karatasi hii ikisomwa mara ya pili. Ameacha mwana mmoja na wajukuu wawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, jirani yetu Klavdia Ilinichna aliyemletea supu hata alipokuwa hawezi kuimeza, na ninyi wenzake wa karakana. Mwenye hasira naye leo, ana haki, mimi ninayo pia, lakini njooni mezani mle chapati na uji wa mazishi pamoja nasi.

Pumzika, mama, umeshasema.

Nawe baba, hapo pembeni yake, hukugonga kitu, na mwanao amelisoma hilo mbele ya watu wote. Pumzika kwa amani.