Leo Mama Stesheni Hapungi Bendera

Baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, ishirini na kitu ya reli na iliyobaki ya halmashauri ya mji, mkuu wetu wa stesheni, ambaye mji mzima unamwita Mama Stesheni, amestaafu. Amestaafu leo, siku ya Tamasha la Reli. Mwenyewe anadhani anastaafu kesho. Tunamwomba akae chini, avute pumzi, na asimkazie macho karani wa tiketi, kwa sababu karani wa tiketi ndiye aliyeandika haya na ndiye anayeyasoma.

Kwanza, habari ya programu hii mliyoishika. Kila mwaka Mama Stesheni huipitia programu ya tamasha kwa kalamu nyekundu kabla haijaenda kwa mchapaji. Mwaka huu tulimpelekea na wasifu wake, kurasa tatu zilizojaa sifa. Ulirudi ukiwa na sentensi mbili: alifanya kazi, na sasa amestaafu. Pembeni akaandika kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tulimshukuru, tukamwambia ndivyo utakavyochapwa, halafu tukaenda kuchapisha huu. Kama kuna koma imekaa vibaya humu, mjue mwenye kalamu nyekundu hakuuona.

Sababu ya ujanja wote huu ni mumewe. Dereva wa injini yetu, Babu Moshi, leo anaendesha kwa mara ya mwisho. Magoti yake yamegoma kupanda ngazi ya injini, na daktari amemruhusu siku ya leo tu, tena baada ya kubembelezwa na nusu ya mji. Kuanzia mwakani injini itakuwa mikononi mwa mwanafunzi wake, yule dada fundi wa kuchomelea. Na Mama Stesheni, katika ndoa yao yote, hajawahi kupanda treni inayoendeshwa na mumewe. Hata mara moja. Asipopanda leo, basi tena.

Wageni watashangaa. Kosa ni la kanuni moja ya zamani, kwamba mkuu wa stesheni haachi stesheni wakati treni iko njiani. Wenzake wote waliokuwa wakiishika kanuni hiyo walishaisahau zamani, yeye peke yake ndiye aliyebaki nayo. Mumewe alipokuwa kwenye injini, yeye alikuwa jukwaani na bendera. Alipopata likizo alisafiri sana, lakini na madereva wengine, kwa sababu zamu zilipangwa na reli na reli haikuwa na habari za mapenzi.

Alipoletwa hapa kazini alikuwa msichana mwembamba mwenye kofia iliyomshuka mpaka kwenye nyusi. Wazee wa reli walimtazama wakacheka, wakasema huyu hamalizi mwezi. Mwezi haukuisha kabla hawajaanza kupiga pasi mashati yao. Abiria waliozoea kupitia dirishani walijifunza kwamba behewa lina mlango. Baba yake mzazi alikuja kumsalimia akapanda treni ya kurudi bila tiketi, akiwaambia watu kwamba binti yake ndiye mwenye stesheni. Binti yake akamteremsha. Mzee akaenda dirishani, akakata tiketi, akapanda tena, na tangu siku hiyo mpaka anafariki hakuna mgeni aliyeingia nyumbani kwake akatoka bila kusimuliwa kisa hicho. Alikuwa akikisimulia kwa fahari kubwa.

Na mapenzi yao yalianza kwa mashtaka. Dereva kijana, ambaye siku hizo hakuwa babu wa mtu, alipokuwa akiingia hapa alipiga honi ndefu kuliko ilivyoruhusiwa. Mama Stesheni akamshtaki kwa wakubwa. Kijana akaonywa, akaja kuomba radhi. Safari iliyofuata akapiga honi ndefu tena, akashtakiwa tena, akaja kuomba radhi tena. Wakubwa walikuwa wa mwisho kuelewa kinachoendelea. Hata baada ya harusi alimshtaki mara mbili, na jioni yake akampakulia chakula kama kawaida. Tulipomuuliza Babu Moshi kama hakuudhika, alisema mwanamke anayeisikiliza honi yako mpaka mwisho si wa kuachia.

Siku treni za abiria ziliposimamishwa, wafanyakazi walilia, wakakumbatiana, wakaenda zao. Yeye naye alilia. Kesho yake asubuhi alikuja kazini. Akafagia jukwaa, akafuta saa ya ukutani, akakaa. Halmashauri ilipolichukua jengo ilimkuta humo pamoja na funguo zote, ikaona ni rahisi kumwajiri kuliko kumtoa. Wakampa cheo cha mhifadhi wa makumbusho. Cheo alikikubali, kofia mpya akaikataa.

Tamasha hili ni lake. Watu wanasema ni letu sote, na ni kweli, lakini lilipoanza lilikuwa la mtu mmoja mwenye kipaza sauti cha kuazima. Mwaka wa kwanza injini ilikuwa imekufa na hapakuwa na wa kuifufua. Yeye akawaalika watu wapande mabehewa vivyo hivyo. Wakapanda, wakidhani wataonyeshwa viti. Akasimama jukwaani akapuliza filimbi, akapunga bendera, akaanza kuzitangaza stesheni zote za njia ya zamani, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wake. Mabehewa hayakusogea hata unyoya. Lakini alipoitaja stesheni fulani, bibi mmoja aliinuka, akachukua mkoba wake, akateremka huku anafuta machozi, maana ndipo alipozaliwa. Mwingine akateremka stesheni iliyofuata. Watu wakaanza kuagana madirishani. Kinyozi wetu, aliyetaka kuteremka katikati ya stesheni mbili ili akanunue maji, alikemewa na kurudishwa kwenye kiti, kwa kuwa ni hatari kuruka treni inapokwenda.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kulikataa tamasha. Babu Moshi aliwakusanya mafundi wa mji, wa magari, wa mabomba na wa masufuria, wakaihangaikia injini mpaka ikatoa mvuke. Njia iliyobaki ni fupi, kutoka hapa jukwaani mpaka kwenye tangi la maji la zamani na kurudi. Zaidi ya hapo reli zilishang'olewa, na mahali zilipopita pana duka la fundi cherehani. Ni safari ya kumaliza njugu za mkononi. Lakini mkuu wetu anaisimamia kama treni ya kuvuka bara.

Hapo ndipo inapoingia fimbo. Zamani, ili treni mbili zisikutane uso kwa uso kwenye reli moja, palikuwa na fimbo moja tu ya njia, yenye kichwa cha shaba. Dereva asiye nayo mkononi haendi popote. Fimbo yetu ipo bado, na ingawa mji huu una injini moja tu, Mama Stesheni hatoi ruhusa mpaka dereva aikamate. Ndoa ni ndoa, fimbo ni fimbo.

Mwaka mmoja wakati wa kuondoka ulifika na fimbo haikuwepo kwenye kulabu yake. Injini inachemka, watoto wamejaa mabehewani, mgeni rasmi ameshaketi. Mama Stesheni akakumbuka: aliipeleka nyumbani yeye mwenyewe, kuing'arisha kwa ajili ya sherehe, akaianika uani ikauke. Tulimsihi. Tulimwambia, mama, treni nyingine itoke wapi, itokee dukani kwa fundi cherehani? Akatujibu jibu ambalo tangu hapo limeandikwa kwenye fulana, "Treni ambayo haipo ndiyo inayogonga," na bendera ya kijani akaikunja kwapani.

Mji mzima ukatoka kwenda kutafuta. Kwaya ilimaliza nyimbo zake, ikazirudia, ikaanza kuimba za harusi. Mgeni rasmi alisinzia. Uani kwao fimbo haikuonekana, kwa sababu wifi yake, dada wa Babu Moshi, aliyekuwa amehamia kwao wiki ile, aliikuta imeegeshwa ukutani akaona ni mti mzuri, akaenda kuinulia kamba ya nguo nyuma ya nyumba. Ilikuwa imebeba mashuka. Wifi mtu alikuja mbio katikati ya barabara ameiinua juu, kibanio cha nguo kingali kimeing'ang'ania shingoni, na watu wakampokea kwa vigelegele ambavyo mgeni rasmi, alipoamka, alidhani ni vyake.

Wanaokuja tamasha mara ya kwanza hudhani kwamba yale maandamano ya fimbo, pamoja na mashuka na kibanio, ni mila ya wazee. Si mila ya wazee. Ni aibu ya mkuu wa stesheni iliyokosa mwenye huruma. Kila mwaka tunaitoa fimbo uani kwa wifi, kila mwaka wifi anatangulia kama bibi harusi, na kila mwaka Mama Stesheni anafuata nyuma amenuna. Lakini tumemwona akirekebisha kile kibanio kilipokaa upande.

Huyu ndiye mtu tuliyetaka kumpandisha treni. Haambiliki. Mwaka mmoja tulimdanganya kwamba kuna mama ameshikwa na uchungu behewa la pili. Akamtuma nesi, yeye akabaki jukwaani. Mwaka mwingine tulimwambia mabehewa yanahitaji kukaguliwa yakiwa yanatembea, akatusifu kwa wazo zuri na kumpa kazi hiyo mkaguzi wa majengo. Tukakata tamaa, tukajiambia huenda hataki kweli. Mpaka siku moja, tukinywa chai ofisini, mtu alimwuliza kwa utani kama bado anaipenda ile injini baada ya kuitazama miaka yote. Akasema anaipenda, lakini anaijua kwa mgongo wake tu, ikiondoka. Akanyanyua kikombe akanywa. Hata wale mabingwa wa mzaha walitazama sakafu. Tulimpenda sana siku ile, na tulijionea haya kwa kudhani hataki.

Mwaka jana Babu Moshi alijaribu mwenyewe. Magoti yalikuwa yameshaanza visa, na alijua kinachokuja. Aliteremka kwenye injini, akavua glavu, akamwomba mkewe mbele ya watu apande naye hata mara hii moja. Tuliokuwa karibu tulisikia akimjibu, kwa sauti ambayo si ya kutangazia stesheni, "Nikipanda, nani atakupokea ukirudi?" Mzee akavaa glavu zake. Alipanda peke yake, akaondoka, na mkewe akasimama pale pale na bendera yake mpaka aliporudi.

Sasa jibu lipo, Mama, na itabidi ulisikilize. Mkurugenzi wa mji ametia sahihi asubuhi ya leo, na utumishi wako umekoma kabla hujafunga vifungo vya sare. Kwa amri uliyoibandika wewe mwenyewe pale mlangoni, asiye mtumishi haruhusiwi kusimama ukingoni mwa jukwaa na bendera. Kwa hiyo tafadhali ikabidhi. Stesheni haiachwi wazi: nimepiga pasi shati, fimbo iko mkononi mwangu, wifi yako ananisimamia kwa karibu, na hakuna mtu hapa atakayetikisika mpaka treni irudi. Tutawapokea sisi, wote wawili.

Asante kwa jukwaa safi, kwa ukali usiokuwa na chuki, na kwa kutufundisha kungoja watu warudi. Asante kwa kuufanya mji usiokuwa na treni ujione bado uko njiani. Tunakuombea usingizi wa asubuhi usiokatwa na filimbi, wajukuu watakaochelewa kula bila kushtakiwa, na miaka mingi na mzee wako akiwa nyumbani.

Panda basi, Mama yetu. Kuna benchi dogo ndani ya injini, upande wa dirisha, na Babu Moshi ameliwekea mto. Mvuke uko tayari na fimbo nitampa sasa hivi, lakini amekwisha kutuambia kwamba maisha yake yote ameondoka hapa akikuacha, na leo haondoki.