Bi Hatulii na Kijiko cha Kuvalisha Rola

Dada yetu tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 17 Agosti 2019, alizaliwa Jumanne tarehe 9 Machi 1943, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu, fundi viatu. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Mama alikuwa akisimulia kwamba mkunga alimwomba ajikaze kidogo mpaka maji yachemke, lakini mtoto hakuwa na habari na maji. Baba alimbandika jina la Bi Hatulii kabla hajafikisha miaka mitatu, na tangu hapo hakuna aliyemwita vingine.

Alikulia kwenye harufu ya gundi na mpira. Baba alikata soli kutoka kwenye matairi makuukuu, na binti yake akiwa na miaka sita alikuwa tayari anajua kwamba mpira ukiulazimisha unachanika, ukiupaka poda na kuuzungusha taratibu unakubali. Mdogo wake wa mwisho, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alikuja kujifunza jambo hilohilo akiwa na miaka kumi na nne, na bado alichana soli tatu.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya tangi la maji kuanzia mwaka 1951 hadi 1958. Kichwani hakuwa na shida, shida ilikuwa kwenye makalio. Mwalimu wake wa darasa la nne, baada ya kumsimamisha, kumketisha mbele, kumketisha nyuma na kumwita baba mara mbili, alimpa kazi ya kupiga kengele ya shule ili apate sababu halali ya kuinuka. Mwalimu yule alikuja kusema kwamba hiyo ndiyo siku aliyoanza kufundisha kwa amani. Baadaye marehemu alijifunza kupiga taipu kwa miezi tisa, akimaliza zoezi kabla wenzake hawajaweka karatasi sawa.

Tarehe 3 Juni 1963 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kilichokuwa kwenye mtaa wa maghala, akiwa mwanamke wa pili kukalia mashine za kupangia herufi. Kwa vijana waliopo hapa, mashine ile ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na ndani yake madini ya risasi ya kuundia mistari ya maandishi yalikuwa yakichemka kutwa. Opereta aliketi mbele ya vitufe tisini. Chini ya vitufe kulikuwa na rola mbili nyembamba zilizovikwa mpira, zinazunguka bila kusimama. Ukibonyeza kitufe, kigurudumu kidogo kinaangukia juu ya mpira, mpira unakizungusha, na herufi ya shaba inashuka mahali pake. Mpira ukishachakaa na kuwa mgumu, kigurudumu kinateleza. Unabonyeza, herufi haishuki. Unabonyeza tena, zinashuka mbili.

Hapo ndipo fundi alipoitwa. Fundi mkuu wa siku hizo alikuwa kijana mtaratibu, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alifungua rola, akakwangua mpira wa zamani kwa kisu, akapaka sabuni, kisha akausukuma mpira mpya kwa viganja, sentimita kwa sentimita, kama mtu anayevaa soksi yenye maji. Nusu siku ilikwenda. Mpira ukichanika karibu na mwisho, na ulichanika mara nyingi tu, alianza upya. Muda wote huo Bi Hatulii alikuwa akizunguka mashine mikono nyuma.

"Dada, kaa kitako, unanitia kizunguzungu," fundi alikuwa akimwambia.

"Nikikaa utamaliza lini?"

"Nikimaliza."

Jibu hilo lilimkera wiki nzima. Mwezi wa Agosti 1965 alichukua kijiko cha kuvalia viatu dukani kwa baba, akakitazama, akaenda kuokota kipande cha bomba la chuma. Alilipasua bomba kwa urefu, akaligonga ncha moja mpaka ikawa nyembamba na laini kama ya kile kijiko, akaipiga tupa mpaka isikwaruze hata shavu. Ncha nyingine aliifunga mpini wa tupa, na katikati akaweka pete ya kusukumia. Unapaka poda, unapenyeza ile ncha kati ya chuma na mpira, unasukuma pete huku ukizungusha. Mpira unaingia wenyewe, bila matusi. Kifaa chenyewe alikiita kijiko, basi.

Shida ilikuwa moja, na wote tuielewe, maana yote yaliyofuata yametoka hapo. Ukutani kulikuwa na tangazo: opereta atakayefungua mashine atafukuzwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo alifanya kazi yake saa ya chakula, mafundi wakiwa wametoka. Alianza na mashine yake, namba nne. Wenzake walipoona namba nne haisumbui walimkalia kooni, akatengeneza ya pili, ya tatu, hadi zote nane. Fundi mkuu, maskini, akajitia kuamini kwamba ni mkono wake. "Nimeshazijua hizi mashine," alimwambia meneja, "sasa zinanisikia." Maopereta walikuwa wakiinamia vitufe ili wasicheke.

Alhamisi tarehe 21 Oktoba 1965 fundi alisahau miwani yake, akarudi kabla saa ya chakula haijaisha. Alimkuta Bi Hatulii amekaa juu ya kreti, rola imelala mapajani, poda hadi kwenye viwiko.

"Unafanya nini hapo?"

"Nafanya kazi yako."

Fundi alikichukua kijiko, akakigeuza huku na huku, akafungua rola ya pili akajaribu mwenyewe, saa yake ya mkononi ikiwa mezani. Dakika kumi na moja. Alicheka, kisha akaivaa tena saa yake.

Wiki iliyofuata meneja alikikuta kijiko kwenye meza ya mafundi akauliza nani amekitengeneza. Fundi alitazama tangazo la ukutani, akamtazama Bi Hatulii aliyekuwa anajitia hamnazo kwenye vitufe vyake, akajibu, "Ni cha huku kwetu, mkubwa." Meneja akampiga begani. "Hongera, fundi!" Wakampigia makofi chumba kizima, na Bi Hatulii naye akapiga.

Jioni hiyo fundi alikuja dukani kwa baba. Hakuwa na kiatu cha kushona. Alisimama mlangoni, jasho linamtoka.

"Ningekutaja ungefukuzwa," alisema.

"Najua. Leo umefanya vizuri, na ninakushukuru," dada alimjibu. "Lakini siku nitakayotoka pale, utasema ni cha nani. Mbele ya watu, kama leo."

"Nitasema."

"Apa."

Akaapa, baba yetu akiwa shahidi na misumari mdomoni.

Dada na fundi huyohuyo walifunga ndoa Jumamosi tarehe 11 Mei 1968. Ilikuwa ndoa ya watu wawili waliopendana kweli, na asitokee mtu kusema vingine kwa sababu ya haya tunayoyasoma. Yeye alikuwa akipanga upya vyombo vya ndani kila mwezi, na mumewe alikuwa akijigonga kwenye meza iliyohamia na kusema, "Karibu, naona umepata makao mapya." Walijaliwa watoto watatu. Marehemu aliwanyonyesha wote akiwa amesimama.

Mwaka 1987 mashine za risasi zilizimwa, zikaja za kisasa. Kiwanda kikaweka kabati la kioo pale mapokezi, na ndani yake kijiko kikalazwa juu ya kitambaa chekundu. Pembeni yake kadi ilisema: "Kifaa cha kubadilishia mipira ya rola. Kimebuniwa na fundi mkuu wa kiwanda, 1965." Siku ya uzinduzi fundi mkuu alisimama kando ya kabati akapigwa picha, akitabasamu. Mkewe alikuwa bado kazini. Alisema moyoni, bado siku yangu.

Alistaafu tarehe 30 Aprili 1993. Kulikuwa na keki, kulikuwa na hotuba, na mumewe alipewa nafasi ya kusema. Alimshukuru mkewe kwa uvumilivu. Akakaa.

Hatujui hadi leo nini kilimfunga mdomo siku ile. Mwenyewe anasema alikuwa ameshavikwa kilemba kile cha sifa kwa miaka mingi mno, akaogopa kichwa kitakachoonekana akikivua. Dada hakufanya ugomvi. Ingekuwa afadhali angefanya. Badala yake kiguu na njia kilimwanza upya. Kila mwezi alijitengenezea safari ya mtaa wa maghala, anaingia mapokezi, anasoma kadi, anarudi nyumbani. Mdogo wake alimsindikiza mara moja akamwuliza, "Dada, unaisoma ya nini, si unaijua?"

"Naangalia kama imebadilika."

Nyumbani aliuliza kwa upole, wakati wa chai. "Baba watoto, lini?" Jibu lilikuwa lile lile, kesho. Aliinuka na kikombe chake akaenda kunywea uani, akizunguka kamba ya nguo.

Mwezi wa Februari 2019 figo zilianza kumsumbua, na tarehe 2 Agosti akalazwa wodi ya wanawake, kitanda namba saba. Wauguzi walimpenda na walichoka naye. Siku ya pili walikuta kitanda kitupu. Alikuwa koridoni, amepiga magoti na dripu yake mkononi, anatengeneza gurudumu la toroli la dawa lililokuwa likipiga kelele.

"Bibi, wewe ni mgonjwa!" muuguzi alimfokea.

"Na hili toroli je?"

Jumatano asubuhi, tarehe 14 Agosti, hali ilibadilika. Alimwita mumewe karibu. Mdogo wake alikuwepo, na haya ameyasikia kwa masikio yake.

"Sitaki kaburi la vigae," alisema. "Nataka ile kadi."

"Nitakwenda kesho, mama watoto."

"Kesho yako naijua, baba watoto. Nimeishi nayo."

Shemeji alivaa viatu akatoka, saa nne na nusu. Kiwanda siku hizi ni ghala la vigae, lakini kabati bado liko pale mapokezi, limejaa vumbi. Alikuwa na kadi mpya aliyoiandika kwa mkono wake ndani ya gari, na njia nzima alikuwa amejiandaa kubishana. Alimwambia mlinzi, "Nimekuja kuondoa uongo wangu." Mlinzi akamwita mwenye ghala. Mwenye ghala akatazama kabati, akamtazama mzee wa miaka themanini na mbili aliyeshika kadi, akasema, "Mzee, badilisha tu. Sisi hata hatujui hicho kitu ni nini." Akampa ufunguo. Hakuna aliyembishia, hakuna aliyeshangaa, hakuna aliyemcheka. Dakika tano zilimtosha.

Wakati huo dada alikuwa akituuliza, "Amerudi?" Tukasema bado kidogo. Akaomba tumkalishe, tukamkalisha. Akaomba tumgeuzie mlangoni, tukamgeuza. Akauliza tena. Aliaga dunia saa sita na dakika ishirini mchana, macho yakiwa mlangoni. Mumewe aliingia saa saba kasoro robo, kadi ya zamani ikiwa mfukoni mwa shati, akianza kuongea tangu koridoni.

Juzi kamati ya mazishi ilipendekeza tuandike kwamba marehemu "alishirikiana na mumewe" kubuni kijiko, ili mambo yaende vizuri na wageni wasisikie ya ndani. Mwenyekiti, ambaye ni kaka wa shemeji, alisema ni kwa heshima ya pande zote. Shemeji alilifuta neno hilo kwa kalamu. Alisema, "Hatukushirikiana. Andikeni."

Marehemu ameacha mume, fundi mstaafu, ambaye ametaka maneno yake yachapwe hapa kama alivyoyatamka, na ambaye sasa anasimama mbele yenu wakati yanasomwa: "Kijiko kile alikibuni mke wangu, peke yake, kwa mikono yake. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilipigiwa makofi yake kwa miaka hamsini na minne, na nilipoyarudisha hakuwepo kuyapokea. Naomba mumpigie sasa." Ameacha pia watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, wajukuu saba, kitukuu mmoja aliyeanza kutembea kabla ya wakati, na mdogo wake huyu ambaye hataweza kuendelea kusoma mkianza kupiga makofi, kwa hiyo anamaliza kwanza. Mwenyezi Mungu umpumzishe dada yetu. Na akikataa kupumzika, tafadhali, mpe kazi.